Tangi Linalovuja na Moyo wa Nyama

Mazungumzo ya redio. Somo: Ezekieli 36:22-28

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengine wenu mtashangaa kukisikia katika saa kama hii, nacho ni bunduki ya maji, ile ya plastiki ya kuchezea watoto, yenye tangi mgongoni na pampu chini ya mtutu. Nivumilieni kidogo. Bwana wetu alifundisha kwa chachu, kwa viriba na kwa taa za mafuta, na sioni kwa nini mhubiri wa Nairobi aone haya kufundisha kwa mpira wa tangi.

Jambo lenyewe lilitokea Gatwekera, katika Kibera. Mama mmoja wa kanisa alinijia baada ya ibada ya Jumapili, amebeba kitu alichokifunga ndani ya leso. Alipofungua nikaiona bunduki hiyo, rangi ya kijani na ya chungwa. Akasema, "Pasta, mtoto wangu analia tangu juzi kwa sababu kitu hiki hakifanyi kazi tena. Mimi nataka kukitupa. Niambie kama ni dhambi kukitupa, au kama ni dhambi kukiweka."

Nikamwuliza kimetoka wapi. Akanieleza kwamba baba ya mtoto alikinunua katika mitumba ya soko la Toi, siku moja kabla ya kusafiri kwenda Mombasa kutafuta kazi. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi saba, na simu yake ilikuwa ikilia bila kujibiwa. Mtoto ana miaka tisa. Zawadi ya mwisho aliyopewa na baba yake ilikuwa hiyo.

Lakini mama naye alikuwa na yake. Wengi wenu mnakumbuka mwezi wa Januari mwaka 2008, baada ya uchaguzi, jinsi reli ilivyong'olewa pale Kibera na nyumba zikachomwa, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaogopana. Tume ya Jaji Philip Waki ilipohesabu waliokufa nchini kote katika machafuko yale, ilitaja watu 1,133. Mdogo wake huyu mama ni mmoja wao. Alipigwa risasi karibu na reli, na hakufika hospitali. Tangu hapo mama huyu hawezi kutazama kitu chenye umbo la bunduki, hata kikiwa cha plastiki ya kijani.

Nami nilijibu upesi. Nilisema, "Mama, tupa. Nyumba ya Mkristo haihitaji sanamu ya bunduki." Nikajiona nimejibu kama mtumishi wa Mungu. Ila kijana alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, na aliposikia neno langu hakulia. Alinitazama tu, kisha uso wake ukafungika kama mlango wa duka saa ya jioni. Ndugu zangu, usiku ule sikuwa na amani. Nilikuwa nimeuhukumu umbo lake kitu kile bila kuuliza kimebeba nini ndani yake. Jumatatu asubuhi nikashuka Gatwekera kumwomba mama asubiri kwanza. Alikuwa hajatupa. Alikuwa amekisukuma chini ya kitanda.

Tukakubaliana, mama na mimi, kwamba kwanza kitazamwe kama kinatengenezeka, halafu yeye mwenyewe ataamua. Nikakipeleka pamoja na kijana kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli na majiko kando ya njia. Na hapa ndipo nilipojifunza mambo ambayo sikuyasoma chuoni.

Mzee alianza kwa kutueleza kitu kile kinavyofanya kazi. Ukivuta na kusukuma pampu, unaingiza hewa ndani ya tangi lenye maji. Hewa haiwezi kurudi ilikotoka, kwa maana njiani kuna kilango kidogo kinachofunguka upande mmoja tu, sawasawa na kile cha pampu ya baiskeli. Basi hewa inazidi kuongezeka mahali palepale padogo, inabanwa, na kila iliyobanwa hutafuta pa kutokea. Ukivuta kifyatulio, njia ya maji inafunguka, na hewa inayasukuma maji nje kwa nguvu. Maji hayana nguvu yake mwenyewe. Nguvu yote ni ya hewa iliyobanwa nyuma yake.

Sasa ile ya kijana wetu ilikuwa ikisukumwa mara kumi, mara ishirini, na maji yanatoka yakidondoka miguuni kama mtoto mdogo anayekojoa. Nanyi mnisamehe, hayo yalikuwa maneno ya mzee. Hewa ilikuwa ikitoroka mahali fulani.

Kutafuta mahali penyewe si kazi ya masikio. Gatwekera kuna redio, kuna nyundo, kuna watoto, huwezi kusikia hewa ikipumua. Mzee alichukua karai, akatia maji kidogo na sabuni, akapiga povu. Akamwambia kijana asukume pampu. Kisha akapaka povu taratibu katika kila kiungo: kwenye kizibo cha kutilia maji, kwenye shingo ya tangi linapokazwa na mwili wa bunduki, kwenye pampu, kwenye mdomo wa mtutu. Kwenye kizibo hapakuwa na kitu. Kwenye pampu hapakuwa na kitu. Kwenye shingo ya tangi, povu likaanza kuvimba, kiputo kimoja, kisha vingi, kama uji unaochemka. Kijana alipiga kelele, "Ni hapo!" Mzee akacheka akasema, "Ugonjwa ukionekana, nusu ya dawa imepatikana."

Hapa nataka nipotee njia kidogo kwa faida ya wasikilizaji walio na mtungi wa gesi jikoni. Povu hilohilo ndilo la kupimia mtungi wako. Paka povu la sabuni pale kichwa cha kufungulia gesi kinapounganishwa na mtungi, na penye mpira unaokwenda kwenye jiko. Povu likivimba, funga gesi, fungua mlango na madirisha, usiwashe chochote, upeleke mtungi nje. Usipime kwa kiberiti, kamwe. Katika vijiji vyetu ambako ukuta wa nyumba moja ni ukuta wa nyumba ya pili, moto wa mmoja ni moto wa wote.

Turudi kwa mzee. Kabla hajafungua tangi alimwambia kijana avute kifyatulio mpaka hewa yote iliyobaki imalizike, na mdomo wa tangi uelekezwe mbali na uso wa mtu. Hewa iliyobanwa ni kama ng'ombe aliyefungwa, akasema, usimfungulie ukiwa umesimama mlangoni. Kisha akalizungusha tangi likatoka. Shingoni mwake palikuwa na mfuo mdogo, na ndani ya mfuo mlikuwa na mpira mwembamba wa duara, ambao mafundi huuita oringi. Huo ndio uliokuwa ukizuia hewa, na huo ndio ulioshindwa.

Mzee aliuchokoa kwa kijiti, wala hakutumia bisibisi, kwa maana chuma hukwaruza mfuo, na mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya hewa. Akauweka katika kiganja changu. Upande mmoja ulikuwa bapa, umechukua umbo la mahali ulipobanwa. Upande mwingine ulikuwa umevimba na kuteleza. Mzee akamtazama kijana. "Ulipaka nini?" Kijana akanong'ona kwamba kaka yake mkubwa alimshauri apake mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini, ili pasivuje. Mzee akatikisa kichwa. Mafuta yale yanatokana na petroli, na mipira mingi haiwezani nayo. Hapo kwanza huonekana kama imepona kwa sababu imevimba na kujaza nafasi, halafu inalegea na kuoza. Anayetaka kulainisha apake grisi ya silikoni kidogo sana, ile mafundi wa mabomba wanayoijua, na akikosa, maji ya sabuni yanatosha kwa kuingizia.

Basi nikauliza swali la mtu asiyejua. Nilisema, "Mzee, kwa nini wasiweke kitu kigumu pale? Chuma, au plastiki ngumu? Si ndicho kitakachozuia zaidi?" Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi wa kipaimara aliyesahau Amri Kumi. Akasema kwamba vitu viwili vigumu havikutani kamwe. Hata ukivikaza kwa nguvu zako zote, kati yake kutabaki nafasi ndogo ambayo jicho halioni lakini hewa inaijua. Ndiyo maana kati ya vigumu viwili huwekwa kimoja laini. Ule mpira unabanwa, nao kwa sababu ni laini unakubali kubanwa, lakini kwa sababu ni mpira hutaka kurudi katika umbo lake. Kule kutaka kurudi ndiko kunakojaza nafasi. Na zaidi ya hayo, hewa ikiongezeka ndani ya tangi, huusukuma mpira ule kwenye ufa uleule unaotaka kutorokea, na mpira ukazidi kuziba. Kadiri presha inavyozidi, ndivyo mpira mzima unavyozidi kushika.

Nilikaa kimya juu ya lile benchi. Siku zote nilidhani kinachozuia ni ugumu.

Kabla sijaeleza neno la Mungu linasemaje, niwape habari mbili tatu za kitu hiki, kwa maana kina historia yake. Bunduki za maji za namna hii, za kusukumwa kwa hewa, zilibuniwa na mtu mweusi wa Marekani, Lonnie Johnson, aliyezaliwa Mobile katika jimbo la Alabama mwaka 1949, wakati ambapo mtoto mweusi wa kusini alitengwa na wazungu hata shuleni. Akawa mhandisi, akafanya kazi ya vyombo vinavyorushwa angani kuchunguza sayari. Mwaka 1982 alikuwa nyumbani kwake akijaribu mashine ya kupoza vitu kwa kutumia maji, akaunganisha mrija kwenye bomba la bafuni, na maji yakaruka kwa nguvu mpaka upande wa pili wa chumba. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kitu chake kilianza kuuzwa madukani mwaka 1990. Na ule mpira wa duara, aliyeuombea hati ya ubunifu huko Marekani mwaka 1937 ni Niels Christensen, mhamiaji kutoka Denmark, naye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 72. Wazee wa kanisa mnaosema siku zenu za kufanya kazi zimekwisha, sikieni hayo.

Lakini kuna habari nyingine, na hii ni ya huzuni. Shirika lilelile la Marekani la safari za angani ambalo Johnson alilifanyia kazi lilikuwa na chombo kilichoitwa Challenger. Tarehe 28 Januari 1986 kilirushwa kutoka Florida kikiwa na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Baada ya sekunde 73 kilivunjika vipande angani mbele ya macho ya watu, na wote saba wakafa. Walipochunguza, walikuta chanzo ni mpira wa duara katika kiungo cha roketi iliyokuwa pembeni. Mpira mkubwa kuliko wa kijana wetu, lakini kazi yake ni ileile.

Nawaombeni mtie maanani kosa la mpira huo. Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali isiyo ya kawaida huko Florida. Baridi ikaufanya mpira kuwa mgumu. Ulipobanwa na kuachiliwa haukurudi upesi, ukachelewa, na katika kuchelewa kule moto ukapata mlango. Mmoja wa wachunguzi, mwanasayansi Richard Feynman, aliwaonyesha watu jambo hilo bila mashine yoyote. Alichukua kipande cha mpira uleule, akakibana, akakitia ndani ya gilasi ya maji ya barafu, na alipokiachilia hakikurudi katika umbo lake kwa muda. Na usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na wahandisi waliosema, "Msirushe, baridi imezidi." Wakubwa wao hawakuwasikiliza. Hilo ni somo la siku nyingine, nalo linawahusu wakubwa wote, hata wa kanisa.

Wapendwa, fungueni sasa Ezekieli sura ya 36. Nabii huyu hakuwa akiandika akiwa amekaa nyumbani kwake kwa raha. Alikuwa Babeli, kando ya mto Kebari, katikati ya watu waliohamishwa kwa nguvu. Habari za kuanguka kwa Yerusalemu zilikuwa zimekwisha kuwafikia. Kati ya wasikilizaji wake walikuwamo waliopoteza ndugu, waliopoteza nyumba, na waliojua ni nani aliyezichoma. Ungedhani watu wa namna hiyo wangeahidiwa moyo wa chuma ili waweze kustahimili. Lakini katika mstari wa 26 Mungu anawaahidi kinyume chake: kwamba atauondoa ndani yao moyo wa jiwe, na kuwapa moyo wa nyama.

Nimeuhubiri mstari huo mara nyingi, na nakiri kwamba siku zote niliuhubiri juu ya toba peke yake. Sikuwahi kufikiri kwamba ni habari ya kustahimili pia. Mtu aliyeumizwa hudhani kinga yake ni kuwa mgumu. "Sitaumia tena," asema, "moyo wangu nimeufunga." Naye kwa kweli hujisikia salama kwa kitambo. Lakini vigumu viwili havikutani. Mke akiwa jiwe na mume akiwa jiwe, kaza mtakavyokaza, kati yenu pana nafasi, na kila presha ya nyumba hiyo, kodi, karo, ugonjwa wa mtoto, itatafuta nafasi hiyo na kutorokea hapo. Mnasukuma pampu mchana kutwa, na jioni tangi ni tupu, wala hakuna ajuaye kulikovuja.

Nanyi wa Kibera mnajua kwamba kinachovuja hakitoi tu. Angalieni mirija ya maji ipitayo ndani ya mitaro ya maji machafu. Maji yakiwa na nguvu ndani ya mrija wenye ufa, yanatoka nje, nasi tunalalamika kwamba maji yanapotea. Lakini siku ambayo maji yamefungwa na mrija umekuwa mtupu, ule ufa hunyonya uchafu wa mtaro na kuuingiza ndani, na maji yakirudi yanakuletea ugonjwa mpaka kwenye mtungi wako. Ndiyo maana tunaambiwa tuchemshe. Nyumba ambayo upendo umetoka kwa ufa, kwa ufa huohuo huingia mengine.

Sasa ni lazima niseme neno moja kwa uangalifu, maana najua ninyi mnaonisikiliza si wote mko katika hali moja. Wako waliobanwa. Mpira ule wa kijana ulikuwa bapa si kwa uvivu. Ulikuwa umekazwa kupita kiasi, ukaachwa hivyo mwaka baada ya mwaka ndani ya ghala na chini ya jua, mpaka ukasahau umbo lake. Wako wanawake katika makanisa yetu ambao tumewaambia "vumilia, mama" miaka ishirini, na kila walipokuja kwetu tuliwakaza zaidi kidogo. Halafu tunashangaa kwamba hawana furaha ya wokovu. Mimi pia nimekaza watu. Mzee fundi alisema tangi hukazwa kwa vidole, mpaka likatae, na hapo unaacha. Ukitumia koleo, umeua mpira. Wachungaji wenzangu, tuweke koleo chini. Na dada unayepigwa nyumbani, hakuna mstari wa Biblia unaokuagiza ukae pale upigwe. Moyo laini si mlango usio na komeo.

Tena Ezekieli hasemi kwamba ule moyo wa jiwe ulainishwe kwa mafuta. Sisi ndivyo tunavyopenda: kupaka kitu juu yake, maneno matamu, wimbo, semina ya siku mbili, na kwa wiki moja unaonekana umepona. Nabii anasema unaondolewa, na mwingine unatiwa. Hakuna aliyeutengeneza mpira uliokwisha. Mzee naye alijaribu njia ya mkato kwanza, sikufichi. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli kwa wembe, akakifanya duara, akakitia. Kilishika kwa pampu tano. Pampu ya sita kikajikunja ndani ya mfuo, na povu likavimba tena. Tyubu ni bapa, na mfuo uliumbwa kwa ajili ya kilicho mviringo. Kwa kizibo cha mtungi tyubu ingefaa. Hapo haikufaa.

Ndipo akavuta mkebe wake wa mipira ya zamani, ya mifereji na ya pampu, ipatayo mia hivi, akaanza kulinganisha mmoja mmoja. Hiyo ilichukua karibu saa nzima, na kijana hakubanduka. Kipimo ni hiki: ukiulaza mpira ndani ya mfuo, uinuke juu ya ukingo kidogo tu. Ukizama usionekane, ni mwembamba, hautabanwa, hautaziba. Ukikataa tangi lisiingie kwa vidole, ni mnene, utakatika. Kabla ya kuutia, aliufuta mfuo kwa kitambaa safi mara tatu, na mara ya tatu kikatoka na punje ya mchanga. Alituonyesha ile punje. Ndogo kuliko haradali, nayo ingetosha kurudisha ugonjwa wote. Akalowesha mpira kwa maji ya sabuni, akauingiza bila kuusokota, akakaza kwa vidole.

Kijana akasukuma. Mzee akapaka povu. Tukangoja. Povu likakaa kimya, likaanza kukauka.

Akamwonya pia juu ya jambo moja, nami nawapa wazazi. Mpira hubadilishwa, lakini tangi lenyewe likipata ufa lisitiwe gundi na kusukumwa tena. Plastiki yenye ufa ikijazwa hewa inaweza kupasuka usoni mwa mtoto. Hiyo ni ya kutupa kweli. Na asije mtu akaijaza kwa pampu ya gari.

Tulipomrudishia mama, alikaa nayo mapajani muda mrefu. Sikumhubiri. Nilimwomba msamaha tu kwa jibu langu la Jumapili, na kwa kuwa nilikuwa nimetoa hukumu juu ya mdogo wake na juu ya mume wake kwa neno moja, bila kukaa chini. Hapo ndipo alipolia, nadhani kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto. Akasimulia habari za mdogo wake, jina lake, alivyopenda mpira wa miguu, alivyokuwa akimchekesha. Kijana hakuwahi kuzisikia. Alijua tu kwamba nyumbani kuna neno lisilotajwa.

Kisha mama akatoa amri yake. Maji hununuliwa, kwa hiyo itajazwa kwa maji yaliyosuuzia vyombo. Haitaelekezwa kwa mtu, hata kwa mchezo. Na kazi yake itakuwa kunyunyizia sukuma wiki iliyopandwa ndani ya magunia nje ya mlango, kama mnavyoona magunia hayo katika nyumba nyingi za Kibera. Kijana akaapa.

Nilipopita tena siku ya tatu nilipigwa maji mgongoni kutoka nyuma ya gunia, na shati langu la kasisi likalowa mpaka kwenye kola. Mama alitoka mbio na mwiko mkononi, akaniona nilivyo, akauma mdomo asicheke, akashindwa. Baba hajapiga simu. Mama bado hapendi umbo la kitu kile, naye hukigeuza mtutu uelekee ukutani kila usiku kabla ya kulala. Simlaumu.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyewaahidi watu wako moyo wa nyama walipokuwa ugenini na katika majonzi, mkumbuke mama huyu na mwanawe, na mwanamume yule aliye Mombasa asiyejibu simu, na wote wanaolilia ndugu zao waliokufa mwaka 2008. Utuondolee jiwe. Utupe ule mwingine, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.